Fomu ya jezi imejazwa na watu tusiowajua, nawazuiaje?

Mkimbiaji_wa_Rau: Wadau habari za jioni. Tuna kikundi cha kukimbia hapa Moshi, tuko 46, alfajiri tunatokea Rau tunageuzia kipilefti cha YMCA. Sasa kwa ajili ya marathoni ya Februari nikatengeneza fomu ya jezi Google Forms, jina, saizi na namba ya simu, nikaitupia grupu la WhatsApp nikalala. Jana nafungua nakuta majibu 113!! Kuna mmoja kajiita Mangi Mkuu, saizi XXXL, simu kaandika sifuri tupu. Mwingine kaagiza mara 4. Afu leo asubuhi hata swali lenyewe limebadilika, pale pa ndogo, kati, kubwa pameandikwa mtori, kiburu, ndizi nyama. Fundi wa Mbuyuni anataka orodha Jumamosi na hela ya kitambaa nshampa. Nafanyaje?

fundi_wa_Njiro: Pole mangi, ila hapo kwenye kiburu nimecheka sana huku Arusha. Kwanza zima kupokea majibu, sasa hivi, mengine baadaye. Swali kubadilika maana yake ulitoa linki ya jikoni: ikiwa na neno edit mwishoni ni ya kuhariri, ya kujazia inaishia na viewform. Na kwenye kushea lazima uliruhusu yeyote mwenye linki ahariri, rudisha ubaki wewe peke yako. Ukishamaliza nenda setingi za majibu, washa jibu moja kwa kila mtu, hapo atalazimika kuingia na akaunti yake ya Google. Imeili nayo usimwachie aandike mwenyewe, chagua ile iliyothibitishwa, inachukuliwa kwenye akaunti moja kwa moja. Mwenye akaunti mbili atajaza mara mbili, hapo huna la kufanya.

BintiKibosho: @fundi sawa lakini kaka wewe unaongelea watu wa Njiro. Huku mtu Gmail alifunguliwa na muuza simu siku ananunua, nywila haijui hata kwa viboko. Sisi kikoba chetu kila mwanachama tulimpa namba ya siri ya tarakimu 4, ndo swali la kwanza.

fundi_wa_Njiro: Wazo zuri dada, ila msiiwekee fomu orodha ya namba sahihi ili ikatae zingine, maana mjanja akifungua kodi ya ukurasa, yale maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma yake, anaziona zote. Mwache kila mtu aandike anachoandika, nyie mlinganishe kwenye jedwali kimya kimya. Akikosea, jezi hana.

BintiKibosho: Loh hilo sikujua, leo leo nabadilisha. Na wewe wa Rau angalia kama hujawasha muhtasari wa majibu, sisi mtu alikuwa akituma anaonyeshwa namba za simu za wenzake wote. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, msije mkaitana.

Mkimbiaji_wa_Rau: Kumbe na muhtasari ulikuwa wazi, aibu. Yale 113 niyafute?

fundi_wa_Njiro: Usifute, yahamishie kwenye jedwali uyachambue, kila jibu lina saa yake. Ya kweli mengi yatakuwa ya mwanzo mwanzo kabla linki haijatembea. Halafu fanya fomu mpya, na kwenye wajazaji usiache yeyote mwenye linki, weka imeili za wanachama tu. Hata linki ikifika Dodoma haiwafungukii.

Mkimbiaji_wa_Rau: Mrejesho wadau. 38 wamejaza fomu mpya, 6 wasio na imeili nimewapigia nikawaandika kwa kalamu, wawili simu hazipatikani. Na Mangi Mkuu kajaza tena, safari hii imeili imemuumbua, ni mweka hazina wetu. XXXL alikuwa hatanii.