Mchekeshaji mmoja anawezaje kushika jukwaa saa moja na nusu peke yake?

Mtani wa Uyole (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi huchekesha katika harusi na mahafali hapa Mbeya, na nimezoea kupewa dakika kumi kati ya chakula na zawadi. Mwezi uliopita nilikodi ukumbi mdogo karibu na Mwanjelwa, nikauza tiketi, nikatangaza kwamba nitasimama peke yangu kwa dakika arobaini. Robo saa ya kwanza ukumbi ulikuwa wangu. Ilipofika dakika ya ishirini vichekesho vikaanza kufanana, mvua ikapiga bati, na mama mmoja wa mstari wa mbele akatoa sindano na uzi akaanza kufuma kitambaa. Hakutoka, alifuma mpaka mwisho, na hilo liliniuma kuliko wale waliotoka. Sasa nasikia kwamba Uholanzi mtu mmoja hujaza ukumbi na kuushika saa moja na nusu, pengine zaidi. Je, wenzetu wana vichekesho vingi kuliko sisi, au kuna ufundi ambao sijaujua?

Msomaji wa Gangilonga (Iringa)

Kamwene, ndugu yangu. Nilisoma Utrecht kwa miaka miwili na nilihudhuria maonyesho hayo kila nilipopata fedha, hata nilipokuwa naelewa nusu tu ya maneno. Jambo la kwanza ni kwamba Waholanzi hutenganisha vitu viwili. Stendapu, ambayo ilishika mizizi kwao baada ya Raoul Heertje kuanzisha kundi la Comedytrain mjini Amsterdam mwaka 1990, ni ya wachekeshaji kadhaa kwa usiku mmoja, kila mmoja na dakika zake, kama wewe harusini. Kabare ni kitu kingine na ni ya zamani zaidi: Eduard Jacobs aliileta Amsterdam kutoka Paris mwaka 1895, akiimba nyimbo zake kwenye piano, na baada ya vita ya pili ya dunia Toon Hermans, Wim Kan na Wim Sonneveld wakaikuza hadi ikawa sanaa ya taifa zima. Humo mchekeshaji ana usiku mzima, lakini hachekeshi usiku mzima. Anasimulia, anaimba, ananyamaza. Nilimwona mmoja akieleza kwa muda mrefu jinsi alivyomvua baba yake viatu hospitalini, na ukumbi mzima ukatulia kabisa. Kisha akaimba wimbo mfupi, na kichekesho kilichofuata, ambacho kwa haki kilikuwa cha kawaida, kilituvunja mbavu kwa sababu tulikuwa tumebana pumzi muda wote huo.

Kwa hiyo idadi ya vichekesho si hoja. Vyote vinafungwa kwenye kisa kimoja, na kitu kidogo ulichokisikia mwanzoni ukakisahau kinarudi saa moja baadaye kikiwa na maana nyingine. Jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza, ni kwamba onyesho halizaliwi siku ya uzinduzi. Kwa miezi kadhaa kabla ya hapo mchekeshaji huzunguka kumbi ndogo akifanya maonyesho ya majaribio, mara nyingi kwa tiketi za bei nafuu, na wengine hupanda jukwaani na karatasi mkononi bila aibu. Wahakiki wa magazeti kwa desturi husubiri uzinduzi ndipo waandike. Wewe, ndugu, uliyazindua majaribio yako.

Mwalimu wa Fasihi (Tukuyu)

Nakubaliana na mchangiaji wa Iringa kwa sehemu kubwa, ila naona amesahau hadhira. Mwaka 1954 Wim Kan alianza kufanya kwenye redio onyesho la mkesha wa mwaka mpya, akiwapitia wanasiasa na matukio ya mwaka, na tangu hapo desturi hiyo imerithiwa na wengine. Nchi nzima inasikiliza ikiwa imepitia mwaka ule ule, kwa hiyo neno moja linatosha. Mwaka 1989 Youp van 't Hek aliwadhihaki katika onyesho la namna hiyo wanywaji wa Buckler, bia isiyo na kilevi ya Heineken. Mauzo yakaporomoka, na mwaka 1993 bia hiyo ikaondolewa katika soko la Uholanzi. Kichekesho hakina nguvu hiyo mahali ambapo watu hawana jambo wanalolijua pamoja.

Sisi jambo hilo tunalo: utani. Mhehe na Mngoni hawahitaji kutambulishana ndipo wachekane. Na bibi zetu walikuwa wakishika watoto usiku mzima kando ya moto kwa ngano moja yenye wimbo katikati, wimbo ambao watoto waliuitikia na hivyo hawakusinzia. Kwa hiyo Mtani asiende Amsterdam kutafuta kilichokuwa jikoni kwa bibi yake, ingawa hilo la majaribio na karatasi mkononi ningemshauri alichukue bila kusita.

Fundi Mitambo (Makambako)

Mimi ni mtu wa vipaza sauti. Usipange onyesho la kunyamaza chini ya bati mwezi Machi. Tafuta ukumbi wenye dari, au subiri Juni, ambapo baridi yenyewe itawafanya watu wakae karibu.

Mtani wa Uyole (Mbeya)

Nawashukuru wote, na shikamoo Mwalimu. Nimepitia daftari langu nikakuta kwamba kati ya vichekesho vyangu vyote, saba vinamhusu mjomba wangu na baiskeli aliyoinunua kwa fedha za viazi akaogopa kuipanda. Nilikuwa nikivitawanya ovyo. Nitaviunga viwe kisa kimoja, na yule mama mwenye kitambaa nitamweka katikati. Jumamosi nitaanza na majirani kumi sebuleni kwangu, bure, nikiwa na karatasi mkononi. Kinachonisumbua sasa ni wimbo, kwa sababu sauti yangu ni ya chura, lakini mke wangu anasema niimbe hivyo hivyo.