Akwaporini na saratani ya titi: je, ipimwe?

Binti wa Mkomani, Lamu
Assalam aleikum. Shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 58, alitolewa kinyama cha uvimbe wa titi mwezi uliopita, na majibu yametufikia juzi kutoka Mombasa. Katika kusoma mtandaoni nimekutana na maelezo kwamba wagonjwa ambao seli zao za saratani zina wingi wa protini iitwayo akwaporini ya 5 huwa na hali mbaya kuliko wenzao. Ripoti yetu haikuitaja kabisa. Protini hiyo ni kitu gani, na je, tudai ipimwe kabla ya kumwona daktari wiki ijayo? Shangazi ndiye aliyenilea, na usingizi umenipaa.

Fundi wa maabara, Malindi
Waaleikum salaam, dada. Mola amjaalie shangazi afueni.

Utando wa seli ni wa mafuta, kwa hiyo maji yakiachwa yenyewe huupenya polepole. Akwaporini ni protini zilizotoboa utando huo kama mifereji, na tundu lake ni jembamba hata molekuli za maji hupita moja moja zikifuatana. Hata hivyo, mfereji mmoja wa akwaporini ya 1 hupitisha takriban molekuli bilioni 3 kwa sekunde. Mwaka 1992 Peter Agre na wenzake huko Marekani waliyawezesha mayai ya chura kuitengeneza protini hiyo, kisha wakayatia katika maji yenye chumvi chache: yakavimba na kupasuka kwa dakika chache, ilhali mayai ya kawaida yalibaki mazima. Kwa ugunduzi huo alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2003 pamoja na Roderick MacKinnon. Binadamu ana aina 13, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 12.

Seli ya saratani inayohama hulazimika kuusukuma ukingo wake mbele, na maji yanayoingia upande huo huisaidia. Panya waliozaliwa bila akwaporini ya 1 walipopandikizwa uvimbe, ulikua polepole na mishipa yake ya damu ilikuwa michache. Kwa hiyo ulichosoma kina msingi: katika saratani ya titi, wingi wa aina ya 5 umehusishwa na kuenea kwa ugonjwa hadi kwenye tezi za limfu, yaani vijitezi vya kinga kama vile vya kwapani.

Lakini naomba usilichukue hilo kama hukumu. Katika saratani ya figo mambo hugeuka, kwa sababu akwaporini ya 1 ni mali ya kawaida ya vijifereji vya figo, na uvimbe unaoipoteza ndio huwa mkali zaidi. Pia, kipimo chenyewe hutegemea jicho. Tunakipaka kipande chembamba cha nyama kingamwili (protini ya kinga) inayoishika protini tunayoitafuta, rangi ya kahawia hutokea, na mtaalamu huamua kama imekolea au imefifia. Maabara mbili zikitofautiana juu ya kiwango cha kuita "nyingi", mgonjwa yuleyule hupata majibu mawili. Ndiyo maana hakijaingia katika vipimo vya kawaida vya titi, na binafsi nisingekushauri utumie pesa kukitafuta.

Muuguzi wa Langoni
Naunga mkono. Angalieni kwanza vipokezi vya estrojeni na projesteroni (protini za seli zinazozipokea homoni hizo), HER2 (protini inayochochea seli kukua), na daraja la uvimbe (jinsi seli zake zinavyotofautiana na za kawaida), kwani hivyo ndivyo vinavyoamua dawa.

Binti wa Mkomani, Lamu
Ahsanteni sana. Estrojeni na projesteroni ni chanya, HER2 ni hasi, daraja la 2. Kuhusu tezi za limfu hapakuandikwa neno.

Fundi wa maabara, Malindi
Majibu hayo yana uzito kuliko akwaporini yoyote, dada, kwa kuwa vipokezi chanya vinamfungulia shangazi mlango wa tiba ya homoni. Swali la wiki ijayo basi liwe hilo la tezi: mwombeni daktari azipime za kwapani kwa picha ya mawimbi ya sauti, na akiona iliyovimba, aichome sindano ili seli zake ziangaliwe. Bebeni ripoti nzima, wala msiishie na ukurasa wa mwisho, na muulize pia kama kile kinyama kimehifadhiwa maabara, maana kipimo kingine kikihitajika baadaye hatalazimika kukatwa tena.