MREJESHO: Nundu za mti kwa ajili ya kukereza bakuli, nimezipata kihalali

Wadau, habari zenu. Mwaka jana niliuliza hapa nitapata wapi nundu za mti, yale mavimbe ya shinani yenye nyuzi zilizojisokota, bila kuvunja sheria. Nimerudi na majibu.

Asanteni sana mlionikataza kuingia msituni na panga. Aliyesema nitafute miembe mizee mashambani ndiye aliyeniokoa. Muheza nilimkuta mzee mmoja ambaye mwembe wake ulikuwa umeangushwa na upepo, una nundu mbili, kubwa ikizidi ndoo ya lita ishirini. Tukaelewana bei. Nikachukua barua kwa mtendaji wa kijiji, nikaipeleka kwa afisa misitu. Alikuja kuukagua mti, nikalipia, nikapewa kibali na hati ya kusafirishia. Ilichukua siku tisa, nenda rudi nyingi, lakini kwenye kizuizi cha barabarani nilionyesha karatasi nikapita kwa amani.

Kwenye kukausha ndiko nilikoumia. Nundu ndogo niliipaka nta pande zote ili isikauke haraka ikapasuka, nikaiweka kivulini. Ile kubwa nta iliniishia, nikapaka upande uliokatwa tu. Wiki ya tatu ikapasuka katikati, ufa unaingia kidole. Iliniuma kweli.

Ndogo imekaa miezi minane, nimeikereza juzi: bakuli moja, rangi ya asali, vijicho vidogo vimejaa kama mbegu za ufuta. Vipande vya ile kubwa navitengenezea mipini ya visu.

Mungu awabariki.