Tupeane uzoefu: mnaoishi Mji Mkongwe, na mliohama, njooni hapa

Mwalimu wa Hurumzi

Assalaam alaykum wanajamvi.

Huu ni mwaka wangu wa saba Mji Mkongwe. Kwetu ni Tanga. Nimekuja Unguja kusomesha skuli ya sekondari, na dalali akanionyesha chumba Hurumzi, ghorofa ya pili ya nyumba ya mawe. Ngazi zake za mbao zimesimama wima, ukipanda na ndoo ya maji lazima upumue katikati. Nililipa kodi ya miezi sita siku ileile kwa sababu ya dirisha. Ukilifungua wakati wa magharibi unasikia adhana za misikiti mitatu au minne, hazianzi pamoja wala hazimalizi pamoja, na huko chini mtu anakuna nazi.

Nikienda nyumbani naulizwa swali moja: "Kwa hiyo wewe kila jioni uko Forodhani?" Mwezi wa kwanza, ndiyo. Kila usiku nilishuka bustanini kula pweza na pizza ya Zanzibar, na tarehe 20 mshahara ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nanunua kigeni: nashika sahani kwanza, bei nauliza baadaye. Aliyenifundisha ni bibi anayekaa chini yetu. Alinishika mkono akanipitisha meza moja baada ya nyingine, anasalimia, anauliza watoto hawajambo, halafu anasema, "Huyu jirani yangu." Hakuongeza neno. Tangu siku hiyo natajiwa bei ya mtu wa mtaani, na juisi yangu ya miwa inakamuliwa na tangawizi na ndimu bila mimi kuomba.

Sanaa nayo niliipata kwa njia hiyohiyo. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza 2004, hufanyika Ngome Kongwe mwezi wa Februari, na tiketi ya Mtanzania huwa rahisi kuliko ya mgeni, lakini nilikuta majirani wengi hawajawahi kuingia. Waliona si yao. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na wanafunzi wanne kwa idhini ya wazee wao. Siku hizi kina mama wananiuliza kuanzia Januari, "Mwalimu, mwaka huu mnakwenda lini?"

Na yapo mazito. Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jengo linakarabatiwa, na watu wakapoteza maisha. Jumba la tangu 1883, alilolijenga Sultan Barghash, tumelizoea kama mtu wa nyumbani. Jioni ile mtaa ulikuwa kimya, watu wamekaa barazani hawazungumzi. Hapo ndipo nilipojua kwamba ninalala ndani ya kitu kinachoweza kuanguka.

Nataka kusikia kwa wanaolala humu, si waliopita kwa siku tatu. Mnakula wapi? Muziki mnaupataje? Nini kimewabakisha, na nini kimewaondoa?

Binti wa Mkunazini

Waalaykum salaam Mwalimu. Mimi nimezaliwa humu, na mama yangu ameuza urojo kwenye daka la nyumba yetu, pale mlangoni, tangu sijaanza chuoni. Niseme la chakula.

Forodhani nzuri, tena baada ya ile kazi ya ukarabati ya 2009 bustani imekuwa safi, inapendeza. Lakini ukiishi Mji Mkongwe, chakula chako kiko milangoni. Baada ya alasiri, kila mtaa una mlango wake: huyu mkate wa kumimina, yule sambusa, mwengine kachori. Hakuna kibao. Unajua kwa kuona watoto wamepanga foleni na mabakuli.

Urojo watu wanaudhani ni mchanganyiko tu. Unga wa ngano unaukoroga kwa maji baridi kwanza, usifanye madonge, halafu unaumimina kidogo kidogo kwenye maji yanayochemka yenye manjano na chumvi. Hapo mkono hautoki kwenye mwiko. Ukali mama anautia kwa embe mbichi iliyochemshwa ikapondwa. Embe zikiadimika, ukwaju au ndimu. Hatumii kijiko kuonja. Anadondosha tone kwenye kiganja, anaramba, anafumba macho. Akifumbua bila kusema kitu, tunajua umekaa sawa.

Kisha bakuli: viazi chini, bajia, kachori, mshikaki, urojo juu yake, halafu chatne ya nazi na pilipili. Chipsi za muhogo zinatiwa mwisho kabisa, tena mbele ya mteja, kwa sababu zikikaa kwenye supu zinalainika na utamu wote umekwenda. Mama akimwona mtu anapiga picha bakuli muda mrefu humwambia, "Kula mwanangu, chipsi zinakufa."

Kilichonibakisha ni hicho. Nimesoma Dar es Salaam miaka mitatu na kila ikifika saa kumi nilikuwa naisikia njaa ya mtaa wetu.

Ganuni ya Malindi

Nimesoma mara mbili kabla ya kuandika. Nami nina la kusema kuhusu muziki, mniwie radhi litakuwa refu.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa Malindi, karibu na bandari. Nina miaka kumi na minne nikasikia sauti inatoka jengo la forodha ya zamani, Mizingani, ghorofani, ambako wakati huo kilikuwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi. Nilidhani ni maji yanadondoka kwenye sinia nyingi kwa pamoja. Nikapanda. Ilikuwa ganuni.

Asiyeijua: ni sanduku bapa unaloliweka mapajani, nyuzi zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na unapiga kwa vidole vya shahada vyote viwili, kila kimoja kimevishwa pete ya chuma inayobana kipande chembamba cha kupigia. Miezi yangu miwili ya mwanzo sikupiga wimbo. Nilikaza nyuzi. Daraja linalobeba nyuzi limekaa juu ya ngozi, na sisi tuko ukingoni mwa bahari. Hewa ikiwa na unyevu ngozi inalegea, na ulichokikaza asubuhi mchana kimeshuka. Mwalimu wangu alikuwa akisema kaskazi na kusi vinacheza ganuni kabla yako.

Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mitaa ilinyamaza. Hakuna redio wala spika, na vichochoroni giza totoro. Ganuni haitaki umeme. Nilikuwa nakaa barazani kwa bibi na kandili, napiga nilichokijua, nyimbo mbili tu, narudia narudia. Usiku wa kwanza alikuja mzee mmoja wa jirani. Wiki ya pili walikuwa watu kumi na tano, wanaume baraza hii, wanawake mlangoni na madirishani. Mzee mmoja akaanza kunirekebisha: "Hapo umeharakisha, mwanangu, yule mwimbaji huwa anavuta pumzi." Alikuwa mpenzi wa Ikhwani Safaa toka ujana wake, kikundi cha taarabu cha tangu 1905, na nyimbo zao alizijua neno kwa neno. Yale niliyoyapata kwake katika miezi ile mitatu nayatumia hadi leo.

Siku hizi napiga kwa ujira kwenye mikahawa ya juu ya paa. Chakula kizuri, wageni wana adabu, na pesa hiyo ndiyo inayosomesha wanangu, siidharau. Lakini kuna jambo linaniuma. Wimbo wa taarabu asilia unaweza kwenda dakika kumi na tano: ala zinaanza peke yake, mwimbaji anaingia, kiitikio, ala zinarudi, watu wanainuka kumtunza mwimbaji kwa pesa. Pale juu tunaombwa dakika nne. Tunakata utangulizi, tunakata beti mbili. Mwimbaji wetu, mama mtu mzima, huniangalia kila tunapofika penye beti iliyokatwa, nami naangalia nyuzi.

Ndiyo maana mtu akihamia humu namwambia aulize vikundi vinafanya mazoezi usiku gani. Mila na Utamaduni wana klabu yao Vuga. Piga hodi, salimia, kaa nyuma, nyamaza. Huko nyimbo hazikatwi.

Umm Nassir

Mimi nitasema kwa ufupi. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi minane, na dirisha letu limeelekea kwenye muziki. Februari hatulali. Sipingi tamasha, mume wangu anauza vinyago na wiki ile ndiyo inayotulipia skuli. Nimehamishia vitanda chumba cha nyuma, yakapita.

La picha ndilo linaloniumiza. Mlango wetu ni wa kuchongwa, wa zamani, na tunauacha wazi mchana kupata upepo. Nimekaa dakani nachambua mchele, kichwa wazi, nainua macho, simu tatu zinanielekea. Hakuna hodi wala salamu. Mnaopokea wageni, waambieni nyuma ya mlango mna watu.

Fundi Chokaa

Mwalimu, umetaja kuanguka, nami ndiyo kazi yangu.

Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimeshikwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa unapumua. Ukinywa maji ya mvua unayatoa tena. Mtu anaona plasta imebanduka, anapiga saruji kwa sababu inapatikana dukani na inakauka haraka. Saruji inaziba. Maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea, yanakula ukuta, yanafika kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, boriti zinaoza mahali usipopaona. Kwa nje nyumba inang'aa.

Nimefungua ukuta mmoja wa namna hiyo, ncha ya boriti nikaichota kwa mkono kama unga wa kahawa. Juu yake watu walikuwa wanalala.

Anayetaka kupanga: usitazame mlango wa kuchongwa. Panda juu kabisa utazame paa na njia ya maji. Weka kiganja ukutani kwa ndani. Ukikuta saruji mpya upande mmoja tu, uliza kwa nini.

Mvita Kibokoni

Nduzangu wa Unguja, salamu kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Nasoma haya naona mtaa wetu. Sisi asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni viazi karai, na Fort Jesus iko hapo tangu 1593 tunaipita kama ukuta wa shule. Huyo Umm Nassir, jambo la picha hata kwetu lipo. Mamangu alianza kuwakaribisha wapiga picha ndani wanywe kahawa kwanza. Wengi huona haya, huiweka simu mfukoni. Jaribuni.

Wa Kiponda zamani

Mimi ni katika waliohama. Niko Fuoni tangu 2022.

Sikuondoka kwa kupenda. Mwenye nyumba alipata mtu wa kuifanya nyumba ya wageni, akatupa miezi mitatu. Simlaumu sana, paa lilikuwa linamshinda na kodi yetu ilikuwa ndogo. Nyumba ile tulikuwa jamaa nne. Leo ina vitanda vyenye vyandarua vyeupe na mlinzi mlangoni, na chumba alichozaliwa binti yangu kina jina la kiungo cha chakula.

Fuoni nina uwanja, nina mwembe, maji napata. Nikitamani urojo napanda daladala hadi Darajani, nakwenda kwa miguu. Muziki naufuata. Lakini kuna kitu sijakipata huku: jirani akifariki Kiponda, gari haliingii, jeneza linabebwa mabegani vichochoroni, na kila kona mtu anaacha kazi yake anatia bega hatua kadhaa, hata asiyemjua maiti. Mara ya mwisho nilikwenda kumzika mzee wa mtaa wetu. Tulifika kona niliyoizoea, nikatazama milango. Watatu waliosimama pale walikuwa wafanyakazi wa hoteli, vijana wa bara. Nao walitoka wakatia bega.

Mwalimu wa Hurumzi

Nimewasomea bibi wa chini haya yote, moja baada ya jingine, yeye hawezi simu. La Umm Nassir limemkasirisha. La jeneza alinyamaza, akaniambia nisome tena.

Ganuni ya Malindi, anauliza wewe ni mtoto wa nani, maana miezi ya giza anasema alikuwa akija kwa dada yake Malindi na alikaa kwenye baraza hiyo. Anakumbuka kijana mwenye nyimbo mbili.

Na wewe Fundi, nimeweka kiganja ukutani kama ulivyosema, upande wa ngazi. Ni mbichi, na kuna saruji. Ukiwa na nafasi Jumamosi baada ya alasiri, njoo uangalie. Bibi amesema atapika.