Tupeane uzoefu: kibali chako cha kazi ugenini kilipatikanaje, na nani aliyelipia?

Mleta mada

Ndugu wanachama, salaam. Naomba mada hii iwe ya waliopitia wenyewe, si ya waliosikia. Maswali mengi kuhusu ajira za nje huishia kwenye viza: inachukua muda gani, ubalozi unataka nini. Kwa maoni yangu viza ndiyo sehemu nyepesi, kwa kuwa kazi yake ni kukuingiza nchini. Kibali cha kazi ndicho kinachoamua maisha yako baada ya hapo. Katika nchi nyingi kibali hicho huombwa na mwajiri na hufungamana na mwajiri huyo, kazi hiyo, na pengine hata eneo hilo hilo, na mfanyakazi hukiona kwa mara ya kwanza kikiwa kimekwisha kukamilika.

Kwa hiyo atakayechangia aeleze nani aliomba, nani alilipa, na ilikuwaje alipotaka kuhama au mwajiri alipomwacha. Tafadhali tusitaje majina ya mawakala wala ya kampuni.

Fundi Bomba

Niko Doha, Qatar. Kibali kiliombwa na kampuni, nami nikatumiwa nakala ya viza ya kuingilia kwa simu. Mkataba niliotia saini kabla ya kusafiri uliniandika fundi bomba, ukataja mshahara wa msingi, na malazi yakawa juu ya mwajiri. Nilipofika, hata vipimo vya afya sijafanyiwa, msimamizi alinipa karatasi nyingine ya kutia saini, ambayo mshahara ulikuwa umeshuka na kazi imeandikwa "kibarua". Nilimwomba anipe hadi kesho yake niisome, nikaipiga picha kurasa zote, kisha nikamjibu kwa maandishi kwamba ninao mkataba tayari na ndio nitakaoufuata. Hawakuirudia tena habari hiyo. Baadaye nilifahamu kwamba mkataba uliokuwa umesajiliwa wizarani ni ule wa kwanza, na huo ndio unaotazamwa panapozuka ugomvi.

Kuhusu kuhama, zamani hapa mtu hakuweza kubadili mwajiri bila barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa yule aliyemleta. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2020, na kuanzia Machi 2021 kikawekwa kima cha chini cha mshahara cha riali 1,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wote, wakiwemo wa majumbani, pamoja na riali 500 za malazi na 300 za chakula pale ambapo mwajiri hatoi vitu hivyo. Notisi ni mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi hadi miaka miwili, na miezi miwili kwa aliyezidi hapo. Mimi nilihama kwa utaratibu huo, ila nisiwapambie mambo: kampuni ya zamani ilijaribu kuniripoti kuwa nimetoroka kazini, na kilichoniokoa ni uthibitisho wa notisi niliyokuwa nimeituma kupitia mfumo wa wizara. Laiti ningeitoa kwa mdomo, ningekuwa na kesi.

Pasipoti kaeni nayo wenyewe. Sheria ya hapa ya mwaka 2015 haimruhusu mwajiri kuishikilia isipokuwa mfanyakazi mwenyewe aombe kwa maandishi atunziwe, na fomu ya "ombi" hilo ndiyo wanayopenda kuichomeka katikati ya karatasi nyingine siku ya kwanza.

Nesi wa Zamu

Nipo Uingereza, niliingia kwa viza ya wafanyakazi wa afya na huduma. Hapa mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini, naye humtolea mfanyakazi cheti cha udhamini. Cheti hicho si karatasi; ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba, na namba hiyo ndiyo unayoijaza kwenye maombi yako ya viza. Orodha ya waajiri wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali na kuitazama ni bure. Mimi niliitazama kabla sijajibu barua ya ajira.

Ada ya viza niliilipa mwenyewe, hospitali ikanirudishia kwenye mshahara wa kwanza. Kuna tozo ya ujuzi, inayodaiwa kwa kumleta mfanyakazi kutoka nje, ambayo kisheria humwangukia mwajiri peke yake na haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi. Mwenzangu mmoja aliyeingia kwa kazi ya kulea wazee alikatwa "gharama za udhamini" kila mwezi, na siku leseni ya kituo chake ilipofutwa akaandikiwa barua na idara ya uhamiaji inayompa siku 60 apate mdhamini mwingine, abadili aina ya viza au aondoke. Siku 60 unaweza kuziona nyingi, mpaka ukumbuke kwamba waajiri wengi huchukua karibu muda huo huo kukuita tu kwenye usaili. Yeye alifanikiwa kwa sababu alikuwa ametunza hati zote za malipo ya mshahara, na mwajiri mpya alizitaka.

Jambo la kuzingatia kwa wanaopigiwa simu sasa hivi: njia ya kuajiri walezi wapya moja kwa moja kutoka nje ya Uingereza ilifungwa tarehe 22 Julai 2025. Anayewauzia nafasi hizo leo anauza hewa.

Mpakiaji

Kanada, kiwandani. Kibali changu kilitaja mwajiri, kazi na mji. Mwajiri alitakiwa kwanza apate tathmini ya soko la ajira, maana yake aonyeshe kwamba alitangaza nafasi na hakupata mtu wa hapo. Ada yake ni dola 1,000 kwa kila nafasi na haramu kumbebesha mfanyakazi kwa jina lolote lile. Kwangu walijaribu kuiita "mkopo wa kuanzia maisha".

Mambo yalipozidi, pamoja na vitisho vya kurudishwa nyumbani, niliomba kibali huria, yaani kisichokufunga kwa mwajiri mmoja, kinachotolewa kwa mfanyakazi anayenyanyaswa au aliye katika hatari ya kunyanyaswa. Utaratibu huo upo tangu 2019. Nilipeleka barua yangu ya maelezo, ujumbe wa simu wa msimamizi na hati za mshahara zenye makato. Nilikipata.

Karani wa Ajira

Mimi niko upande wa pili wa meza. Nafanya kazi katika idara ya rasilimali watu Ujerumani, na ni mimi ninayeandaa majalada ya wafanyakazi tunaowaleta kutoka nje. Nataka niseme kidogo kuhusu ucheleweshaji ambao watu hudhani ni roho mbaya ya ubalozi.

Kinachokwamisha jalada mara nyingi ni utambuzi wa vyeti. Kwa nesi, kwa mfano, mamlaka hulinganisha masomo yake na ya hapa, saa kwa saa, na pakionekana pengo hutakiwa kufanya mafunzo ya ziada au mtihani. Barua ya chuo isiyotaja saa za mafunzo ya vitendo hurudishwa hata kama mhuri wake unang'aa. Kisha Shirika la Ajira la Shirikisho hukagua kama mshahara na saa za kazi vinalingana na vya mfanyakazi wa hapa. Tukiandika mshahara mdogo, ombi hukwama kwa kosa letu wala si la mwombaji. Mwajiri mwenye haraka anaweza kutumia utaratibu wa mkato kwa kulipa ada ya euro 411 katika ofisi ya wageni, yaani ya uhamiaji, na viza yenyewe ni euro 75. Wakala akikutajia "ada ya ubalozi" ya maelfu, muulize inalipwa dirisha gani.

Mfanyakazi akiacha kazi kabla ya wakati, sisi tunalazimika kuitaarifu ofisi ya wageni ndani ya wiki nne. Nalisema hili kwa sababu wengi hudhani wataondoka kimya kimya na kibali kitaendelea kuishi hadi tarehe iliyoandikwa.

Msomaji Mgeni

Shikamooni wakubwa. Wakala ananiambia niingie kwanza kwa viza ya matembezi, kibali cha kazi nitabadilishiwa nikiwa huko huko. Je, hili lipo?

Mpakiaji

Marahaba. Kanada lilikuwepo kwa muda. Lilisitishwa tarehe 28 Agosti 2024.

Nesi wa Zamu

Uingereza aliyeingia kama mtembezi hawezi kuhamia viza ya kazi akiwa ndani. Atatoka na kuomba upya.

Fundi Bomba

Falme za Kiarabu kuna wanaobadilishiwa hadhi wakiwa ndani, ila hatua hiyo hufuata kibali cha mwajiri, na kufanya kazi kabla ya kibali ni kosa. Tangu 2024 faini kwa mwajiri anayeajiri mtu bila kibali ni dirham 100,000 hadi milioni moja, na anayekamatwa kiwandani siku ya msako ni wewe.

Mleta mada

Kijana, mwombe wakala jina kamili la mwajiri na namba ya kibali au ya udhamini, uvipeleke mwenyewe kwa mamlaka ya nchi husika kabla ya kutoa fedha yoyote. Ufahamu pia kwamba Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza wakala binafsi kumtoza mtafuta kazi, moja kwa moja au kwa mzunguko, isipokuwa pale ambapo nchi imeruhusu kwa masharti. Nchi nyingi bado hazijauridhia, hivyo angalia sheria ya nchi unakosajiliwa.

Waliopitia Marekani na Poland hatujawasikia. Karibuni.