MREJESHO: Kipimo cha damu na mapafu ya mama mdogo

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kama kipimo cha damu pekee kinatosha kujua iwapo skleroderma (ugonjwa wa kinga ya mwili kujishambulia, unaokakamaza ngozi na hata viungo vya ndani) ya mama mdogo, tunayeishi naye hapa Mtwara, imeshafika kwenye mapafu, maana gharama ya CT skani ilitutisha.

Daktari kasema hakitoshi, ila damu ina kazi yake. Kingamwili ya Scl-70 imesoma chanya. Hiyo haithibitishi kwamba mapafu yana makovu. Inaonyesha yuko kwenye kundi ambalo mapafu hushambuliwa zaidi, kwa hiyo tusingoje kikohozi kizidi. Ile KL-6 mliyoitaja kwenye majibu yenu ni protini ya seli za vifuko vya hewa: zikijeruhiwa, huvuja hadi kwenye damu. Japani huipima kama kawaida, sisi hatukuipata. Tena hupanda hata kwa magonjwa mengine ya mapafu, hivyo peke yake haikati mzizi wa fitina. SP-D, protini nyingine ya mapafu inayopimwa kwenye damu, nayo ni hivyo hivyo.

Basi tukapiga CT. Makovu yapo, sehemu ya chini ya mapafu yote mawili, bado si mengi. Kwenye kipimo cha kupuliza, mhudumu alimhimiza "toa yote mama, bado, bado!" mpaka mtandio ukamdondoka. Hicho kitarudiwa ili walinganishe.

Kaanzishiwa mycophenolate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Na yule aliyeshauri tununue prednisolone (dawa ya steroidi) dukani: dozi kubwa inaweza kuleta balaa la figo kwenye ugonjwa huu. Daktari alikunja uso nilipoitaja tu.