Gauni la Eleonora wa Toledo: lilishonwa kweli au lilichorwa tu?

Mshonaji wa Jinja
Ndugu zangu, salaam. Mimi hushona magomesi (magauni ya heshima ya wanawake wa Uganda) na nguo za harusi hapa Jinja. Juzi mteja alinionyesha kwenye simu picha ya Eleonora wa Toledo, mke wa Cosimo wa Kwanza aliyetawala Florence, Italia, akitaka nimshonee gauni la namna ile. Nimeitazama hadi macho yakaniuma. Hariri nyeupe imejaa nakshi nyeusi zinazojipinda kama mitambaazi, komamanga kubwa la nyuzi za dhahabu limekaa katikati ya kifua bila kupotoka, na mikono imechanwa mistari ili nguo nyeupe ya ndani ichomoze. Uso, hata hivyo, ni mkavu kabisa. Kwa nini mchoraji aliishughulikia nguo hivyo na kuupuuza uso? Tena, ni kweli kwamba alizikwa na gauni hilo?

Mwalimu wa Sanaa, Mbale
Ndugu Mshonaji, uso haukupuuzwa. Bronzino, aliyeichora picha hiyo mnamo mwaka 1545, alikuwa mchoraji wa ikulu, na hakuajiriwa ili atuonyeshe jinsi mama huyo anavyocheka. Eleonora alikuwa binti wa mwakilishi wa mfalme wa Hispania huko Naples, naye alipoolewa mwaka 1539, Cosimo alikuwa na miaka 2 tu madarakani, kwa hiyo fahari ya ukoo ilitoka zaidi upande wa mke. Mtu wa cheo hicho hakuanika furaha wala hofu yake mbele ya wageni. (Bibi harusi wetu siku ya kwanjula, yaani ya utambulisho kwa wazazi, naye hachekicheki ovyo.) Yaliyobaki yalisemwa na nguo: komamanga, tunda lenye mbegu tele, lilikuwa ishara ya uzazi, na mtoto aliyesimama kando yake, Giovanni, ni ushahidi. Mama huyo alizaa watoto 11.

Mpenda Makumbusho, Kampala
Habari ya kuzikwa na gauni hilo iliaminika kwa muda mrefu baada ya kaburi kufunguliwa mwaka 1857, lakini mafundi waliokarabati mabaki ya nguo zake miaka mingi baadaye walikuta ni gauni jingine, la satini lenye taraza za mahameli. Alifariki mwaka 1562 kwa malaria, ugonjwa ambao hapa kwetu hauhitaji maelezo, na wanawe wawili, akiwemo huyo Giovanni, walifariki siku zizo hizo. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba Bronzino alikuwa na kipande cha kitambaa tu, kisha akalikamilisha gauni kwa brashi.

Mshonaji wa Jinja
Asanteni sana, hilo la kipande cha kitambaa ndilo lililokuwa likinisumbua. Kitambaa chenye ua kubwa hivyo, ukitaka ua liangukie katikati ya kifua, huna budi kukikata kwa hasara, na vipande vya pembeni havifai tena hata kwa kola. Mwenye brashi hana hasara hiyo. Nitamwambia mteja kwamba mikono nitaiweza, ila kwa lile ua la kifuani anunue mita 2 za ziada.